Mwalimu, wewe mbona hutoi?

Kila mwaka lazima atokee mmoja wa kuniuliza. Sura hubadilika lakini mtoto ni yuleyule: wa dawati la mbele, ukimhimiza jambo kwanza akutazame kama wewe unalifanya. Skulini kwetu hapa Wete, Pemba, watu wa damu salama, wale wanaokusanya damu ya kuwawekea wagonjwa, wakileta taarifa kuwa wanakuja, mimi ndiye mwenye kazi ya kuwaandika vijana wa kidato cha tano na sita. Nahakikisha wametimia miaka 18, nawasisitiza wasije na njaa, nawapigia simu wazazi wenye wasiwasi. Siku yenyewe ikifika, foleni imepinda mpaka mlango wa maktaba, ndipo linapokuja: "Mwalimu, wewe mbona hutoi?"

Wanafunzi nawajibu kwa ufupi. Niliugua, nikatibiwa, kwa hivyo mimi siruhusiwi, haya songa mbele. Leo naandika jibu refu, la mtu aliyeugua kansa ya titi, kwa sababu wanaoniuliza siku hizi si watoto peke yao. Kuna mama wa Chake aliyemaliza matibabu ya kansa ya titi kabla yangu. Mtoto wa dada yake anaumwa seli mundu na kila mara huhitaji kuwekewa damu, naye anataka kujua kama ya kwake inafaa. Kuna jirani aliyekatwa uvimbe wa ngozi. Na kuna wifi yangu, ambaye habari yake nitaifikia.

Mimi nasomesha hesabu, si daktari. Haya ni niliyowauliza wenye kazi yao, nikayasoma na kuyarudia mpaka yakanikaa.

Ugonjwa wenyewe sitauvuta sana. Titi la kushoto, uvimbe niliougusa nikioga. Operesheni, kisha dripu za dawa ya kansa, kisha mionzi. Kwa mionzi ilibidi kuvuka: gari mpaka Mkoani, meli mpaka Unguja, boti mpaka Dar es Salaam, na huko Ocean Road, hospitali ya kansa, lile jengo la tangu enzi za Wajerumani linalotazama bahari, unakaa benchi moja na watu wa Mbeya, Kigoma na Lindi mkiulizana mmebakisha ngapi. Katika dripu zote niliyoishika akilini ni ile nyekundu. Waliopita njia hii wanaijua. Nyekundu ya kung'aa, inashuka kwenye mrija taratibu, na ukienda chooni mkojo nao umekuwa mwekundu. Muuguzi asipokutanguliza kwa maneno unaweza kupiga ukelele.

Dawa hizo hazichagui. Zinapiga kila chembe inayozaliana haraka, ya kansa na isiyo ya kansa: nywele, utando wa mdomo, na uboho ndani ya mifupa, pahala damu inapotengenezwa. Uboho wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu kama milioni 2 kwa kila sekunde. Ukiupiga kila baada ya wiki tatu, lazima uchoke. Wangu ulichoka, wingi wa damu ukashuka mpaka 7. Ili ujue 7 ni nini: anayetaka kuchangia hutakiwa awe na 12.5 au zaidi. Mwenye 7 hupanda ngazi tatu akakaa chini.

Nikawekewa mifuko miwili. Nilikuwa nimelala nautazama ule wa kwanza ukining'inia, na juu yake pana nambari, tarehe, na kundi: O chanya. Jina hakuna. Damu ile pengine ilitoka kwa mwanajeshi, pengine kwa dereva wa bodaboda, pengine kwa mtoto wa skuli kama hawa wangu aliyefuata soda na biskuti. Ndugu zangu walikwenda kuchangia kufidia benki, na hilo nawashukuru, lakini mimi mwenyewe tangu siku hiyo najiona nadaiwa. Mdai wangu simjui, na deni la namna hii ndilo linalosumbua zaidi.

Basi nywele ziliporudi, vipimo vikawa safi mwaka hadi mwaka, nikaenda kulilipa. Haikuwa skulini, na kituo chenyewe sikitaji.

Nilipimwa uzito, nikapimwa presha. Muuguzi akanitoboa kidole, akavuta damu kwa kimrija chembamba, akadondosha tone kwenye kichupa chenye maji ya buluu. Maji hayo ni mrututu uliochanganywa kwa kipimo maalumu. Damu ikiwa nzito ya kutosha tone huzama. Ikiwa nyepesi huelea, au husita katikati halafu likapanda. Mwalimu wa hesabu hupenda kitu cha aina hii, jibu ndiyo au hapana, hakuna "inategemea". Tone langu lilikwenda moja kwa moja mpaka chini. Nilifurahi kama mtoto aliyepata mia kwa mia.

Meza iliyofuata ndiyo ya maswali. Umewahi kuugua manjano? Una mimba? Unanyonyesha? Umewahi kuwekewa damu? Umewahi kuugua kansa? Nikajibu kweli, maana fomu ile ni amana. Kijana aliyekuwa akiandika akainua kichwa, akamwita mwenzake wa meza ya pili: "Huyu kansa. Damu yake hatuchukui."

Hakunong'ona. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alirudi hatua moja. Nilimuona.

Kukataliwa sikukulalamikia wakati ule wala sasa. Kijana alikuwa na haki ya kusema hapana. Kilichoniuma ni kusemewa mbele ya watu kana kwamba nimekuja na kipindupindu. Wete ni mji mdogo. Kabla ya alasiri habari ilishatangulia sokoni kuwa damu ya mwalimu mbovu, na wiki ile ile jirani yangu, mtu mwema kabisa, akaniuliza kwa haya zote kama watoto wake waendelee kuja kwangu kwa ajili ya tuisheni.

Nilikuwa nimeshafika nje ya geti aliponifuata muuguzi wa makamo, soda mkononi. "Dada, kunywa. Umeshatobolewa kidole, hii haki yako." Tukakaa barazani. Mengi niliyoyajua baadaye yalianzia pale.

Nikamuuliza lile lililokuwa vichwani mwa watu wa foleni: damu yangu inaweza kumpa mtu kansa?

Akaniambia swali hilo limeshachunguzwa, na nilipolifuatilia nikaona kweli. Sweden na Denmark wana daftari za miaka mingi za nani alitoa damu, ilikwenda kwa nani, na nani baadaye aliugua nini. Watafiti wakaziunganisha, na mwaka 2007 wakatoa matokeo katika jarida la Lancet. Walifuatilia watu zaidi ya 350,000 waliowekewa damu. Kati yao kama 12,000 walikuwa wamepewa damu ya wachangiaji waliokuwa na kansa mwilini bila kujua, ikaja kugunduliwa baadaye. Hao 12,000 hawakupata kansa zaidi kuliko wenzao. Hesabu hiyo ilinituliza kuliko maneno yote ya pole niliyowahi kupewa. Na sababu inaeleweka: chembe ya mwili wa mtu mwengine ikikuingia, askari wa mwili wako huitambua kuwa ngeni na kuimaliza.

Kuna virusi vinavyoweza kuleta kansa, na baadhi yao hupita katika damu. Homa ya ini B ndiyo mfano wa karibu, kwani ikikaa miaka huweza kuzaa kansa ya ini. Ndiyo maana kila mfuko hupimwa homa ya ini B na C, pamoja na virusi vya UKIMWI na kaswende. Lakini hapo kinachoambukiza ni kirusi. Uvimbe wa titi langu hauwezi kumrukia mtu, sembuse mtoto anayekuja kusoma sehemu na desimali.

Sasa kama ni hivyo, kwa nini nikataliwe? Hapa ndipo nilipochukua muda, na hapa ndipo watu wengi hawafikishwi.

Damu mara nyingi huenda kwa aliye dhaifu. Kichanga kilichozaliwa kabla ya wakati, mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mgonjwa wa kansa ambaye dawa zimelaza kinga yake. Askari niliowataja, kwa watu hao wamesinzia. Kwenye upandikizaji wa figo na viungo vyengine imewahi kutokea kansa ikahama pamoja na kiungo, na mpokeaji wa kiungo hupewa dawa za kulaza kinga. Mfuko wa damu si figo, lakini wenye dhamana wakikumbuka hilo husema tungoje, au tusichukue kabisa. Mtu aliyelala kitandani hana nafasi ya kumchunguza aliyemtolea, wao wanamchunguzia.

Tena kuna mchangiaji mwenyewe, ambaye mimi sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Mfuko mmoja ni mililita 450. Mtu mzima wa afya hulipa pengo hilo bila ya tabu, ila chuma kilichotoka huchukua wiki na miezi kurudi. Uboho uliopigwa na dawa hauna haraka hiyo. Isitoshe ile dripu nyekundu huweza kuuchosha moyo, na athari pengine ikajitokeza miaka baadaye. Na wengi wetu wa titi tumeondolewa tezi za kwapani, kwa hivyo mkono wa upande ule tunaambiwa tuukinge na sindano usije ukavimba. Yule muuguzi aliniuliza, "Na kama ungetoka pale ukaanguka barabarani, nani angejibu?" Sikuwa na la kusema.

Halafu kuna masharti ya nchi na nchi, na haya yanachekesha kidogo. Marekani, Msalaba Mwekundu wao huwapokea wengi waliopona, mradi miezi 12 imepita tangu matibabu kumalizika na ugonjwa haujarudi. Uingereza hapana yao ni ya maisha, isipokuwa mambo machache, kama ile kansa ya ngozi isiyo na tabia ya kusambaa ikiwa imekatwa ikaisha, na mabadiliko ya shingo ya kizazi yaliyotibiwa kabla hayajawa kansa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2012, nalo linawapa nafasi hao wa ngozi na wa shingo ya kizazi waliotibiwa wakapona. Kwa hivyo damu hii hii yangu, New York ingepokewa na London ingemwagwa? (Nilipolisema hili nyumbani, mwanangu wa kiume akanikumbusha nisome mpaka chini. Marekani wangeningojesha miaka 3 kwa kuwa natoka nchi yenye malaria. Na Uingereza wangenikataa mara ya pili, kwani wao hawamchukui aliyewekewa damu tangu 1980, kwa hofu ya ule ugonjwa wa ng'ombe wazimu. Basi nikabakia na O chanya yangu Wete.)

Tofauti hizo zilinifundisha kitu. Lingekuwa jambo lenye uthibitisho, nchi zote zingesema mamoja, kama zinavyosema mamoja juu ya UKIMWI. Hapa kila nchi imechora mstari wake wa tahadhari kwa kutazama watu wake, damu iliyonayo na woga wake. Mstari uliochorwa kwa tahadhari ninaweza kuuheshimu bila ya kukubali kuwa mimi ni mchafu.

Pahala ambapo hawapingani ni kansa ya damu yenyewe na ya tezi za limfu. Hata Wamarekani na miezi yao 12 wakifika hapo husema hapana, tena kwa mtu aliyepona zamani. Benchi la Ocean Road nilikuwa nikikaa na kijana wa Unguja mwenye kansa ya tezi za limfu, mchekeshaji, aliyekuwa akichangia damu tangu yuko sekondari. Siku moja alimuuliza daktari kama akipona ataendelea. Daktari akamwambia ukweli: ugonjwa wako makao yake ni hukohuko kwenye damu na uboho, kwa hivyo hapana, na haitakuwa ndiyo. Alinyamaza, kisha akasema basi angalau sindano zimepungua. Sasa yuko hai, ana watoto, anauza vipuri vya gari.

Yule mama wa Chake nilichomwambia ni hiki. Usikate shauri mwenyewe na usiwaachie watu wa sokoni wakukatie. Nenda na karatasi zako za hospitali: aina ya kansa, tarehe ya dripu au mionzi ya mwisho, vidonge unavyomeza mpaka sasa. Wenye titi wengi tunaendelea na vidonge vya homoni miaka 5, wengine 10, na mtu huvisahau kuvitaja kwa sababu vimeshakuwa sawa na kunywa maji. Omba kuzungumza faragha; ni haki yako, na kama hawana chumba basi hata nyuma ya pazia. Ukiambiwa hapana, uliza kama ni hapana ya muda au ya daima, na uliza kwa nini. Na usifiche. Najua wapo wanaoficha kwa nia njema, wanaona mtoto anaumwa na wao damu wanayo. Lakini wewe huijui hali ya atakayeipokea.

Akanijibu, "Sasa mwanangu, mtoto wa dada nimfanyie nini?" Nikamuuliza ana watoto wangapi wakubwa, na wakwe wangapi. Alipomaliza kuhesabu alicheka mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi niliyobakia nayo na mimi. Nina daftari. Wanaume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4, na mtu akishatoa mara moja husahau. Mimi ndiye ninayemkumbusha kwa ujumbe wa simu. Wapo niliowasomesha miaka mingi nyuma, wengine sasa ni polisi, wengine wapo kwenye karafuu, na bado hunijibu "Ndiyo, Mwalimu" kana kwamba nimeshika chaki.

Msimu mgumu ni Ramadhani. Watu wamefunga, na wengi huchelea kutoa mchana kama wanavyochelea kupiga chuku, wasije wakadhoofika wakafungua. Skuli nazo zikifungwa vijana hutawanyika. Wakati huo huo wanawake wanaendelea kujifungua na watoto wa seli mundu wanaendelea kuumwa. Damu nayo haiwekwi kama mchele: chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35, mifuko mingine 42, na zile chembe za kugandisha damu, ambazo wagonjwa wa kansa huzihitaji sana, ni siku 5 tu. Ramadhani ni siku 29 au 30. Hesabu hiyo haihitaji ubao. Damu inayotolewa wiki ya mwisho ya Shaabani ndiyo itakayowavusha watu mpaka karibu na Idi, kwa hivyo wiki hiyo simu yangu hailali. Na baada ya kufuturu pia inawezekana, mtu ameshakula na kunywa vya kutosha, ikiwa tu kituo kitakubali kufungua usiku. Nimelisemea hilo kila pahala niliposikilizwa.

Sasa wifi yangu. Yeye alikuwa mchangiaji hodari kuliko sote. Siku moja akaenda kupima shingo ya kizazi, kipimo kile cha siki: hupakwa siki nyepesi, na palipoanza kuharibika huonyesha weupe. Kwake pakaonyesha. Akatibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa kwa baridi kali, akarudi baadaye, pamepona. Lakini kilichobakia kichwani mwake ni neno moja, kansa, na akaacha kuchangia kimyakimya. Hakuniambia hata mimi, mimi mwenye daftari. Kila nikimkumbusha ana mafua, ana safari, ana wageni.

Siku aliposema ukweli tulikuwa jikoni tunapara samaki. Nikamwambia, wifi, ulichotibiwa ni kitu kabla hakijawa kansa, ndiyo faida ya kipimo kile. Nenda kaulize. Akasema aende wapi akatangazwe kama mimi? Nikamwambia nitakwenda naye, na atakayepaza sauti atapaziwa.

Tulikwenda. Safari hii alikuwepo daktari wa kike, akamsikiliza nyuma ya pazia, akasoma karatasi, akamuuliza alitibiwa lini na kama amerudi kupimwa. Akamruhusu. Mrututu ukamkubali, presha ikamkubali, mkono wa kulia ukatolewa mfuko mzima huku ameshika simu kwa mkono wa kushoto akinitumia picha, na mimi nimekaa mita mbili kutoka kwake. Nikamuandika upya kwenye daftari, miezi 4 mbele. Malalamiko yake yalikuwa mamoja tu, kwamba soda ilikuwa ya moto.